Meno Tisa

Darasa letu la uzamili huanza saa tisa alasiri, na mimi huingia nikiwa nimekalia furushi la mashuka. Si kwa kupenda. Katika hospitali nzima ya wagonjwa wa akili ninakofanya kazi, intaneti hushika vizuri sehemu mbili tu: ofisi ya Mganga Mkuu, ambako hukaribishwi, na stoo ya mashuka ya wodi yetu, ambako hakuna anayejali nani kaingia. Basi nafunga mlango, naegemeza kompyuta kwenye rafu ya foronya, navuta sweta juu ya gauni la kazi, nawasha kamera. Wenzangu darasani ni mwanasheria, polisi wawili, ofisa ustawi wa jamii na askari magereza mmoja mwenye domo. Siku ya kwanza tu aliona rafu nyuma yangu akauliza, "Dada, bei gani mashuka?" Tangu hapo jina langu ni Dada Mashuka. Hata mhadhiri hujisahau akaniita hivyo.

Mimi sina neno. Tunasoma afya ya akili na sheria, yaani namna ya kumpima, kumtibu na kumwandikia ripoti mtu aliyetenda kosa akiwa mgonjwa, yule ambaye mahakama haikumfunga bali imemleta kwetu. Niliomba nafasi baada ya mtu fulani, simtaji, kuniambia masomo ya ngazi ile ni ya madaktari, wauguzi tukatandike vitanda. Ukitaka nifanye jambo, niambie siliwezi. Muhula wa kwanza nilipata alama nyingi kuliko polisi wote wawili ukiwajumlisha. Natia chumvi kidogo, lakini kidogo tu.

Muhula wa pili mhadhiri wetu, mwanamama mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni na sauti ya mtu asiyerudia, alitupa kazi. Tuchukue faili moja la mgonjwa tunayemhudumia, kwa kibali cha hospitali, tufiche jina lake. Kila sentensi inayosema mtu huyu ni hatari tuiandike upya katika safu tatu: nini kilitokea, lini, na nani aliona.

"Aliona kwa macho yake," akasema, na hilo alilirudia. "Sitaki 'inasemekana'. Sitaki 'faili linasema'. Faili halina macho."

Nikajisemea, hii nayo ni kazi ya uzamili? Nikamchagua Fundi.

Fundi ni mgonjwa wetu kwa miaka kumi. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna feni, redio wala bawaba katika wodi ile ambayo mikono yake haijaigusa, chini ya macho ya muuguzi, bisibisi ikihesabiwa inapotoka na inaporudi. Alipougua, sauti zilimwambia duka la jirani yake limeficha watu wanaotaka kumuua, akalichoma moto. Lilikuwa limefungwa, hakuna aliyeumia, lakini duka likaisha. Mahakama ikaona alitenda akiwa hana akili timamu, ikaagiza atunzwe kwetu mpaka jopo la mapitio liridhike kwamba anaweza kutoka. Jopo hukaa mara moja kwa mwaka. Mara tisa lilimkatalia.

Mwaka huu ulikuwa wa kumi, na hapo ndipo penye shida. Kwa utaratibu wetu, anayekataliwa mara ya kumi huhamishiwa Jengo la Nyuma, la wakaaji wa kudumu, na huko jopo huja kila baada ya miaka mitano. Ukiingia Jengo la Nyuma watu huanza kukusahau jina. Dada yake Fundi, mshonaji, alikuwa amempangia chumba nyumbani kwake, kakipaka rangi, na kila mwezi alikuja kumwambia rangi bado haijachafuka. Jopo lingekaa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Muhtasari wa kupeleka kwa jopo ulikuwa mikononi mwangu, kama miaka mitatu iliyotangulia.

Sasa nieleze tunavyouandika huo muhtasari, maana ndiyo aibu yenyewe. Unafungua wa mwaka jana, unabadilisha tarehe, unagusagusa mstari wa uzito na wa dawa, unaweka tiki zilezile, unasaini. Daktari anasaini chini yako. Wagonjwa arobaini na wawili, wauguzi watatu kwa zamu, nani ana muda wa kutunga insha? Nilikuta wakifanya hivyo, nikafanya hivyo. Nilishaufungua hata huo wa mwaka huu na kubadilisha tarehe.

Jumamosi nikaingia chumba cha kumbukumbu, kwa sababu faili haliruhusiwi kutoka nje, nikachora safu zangu tatu. Kwenye kompyuta, chini ya "matukio ya ukatili", Fundi alikuwa na mashambulio tisa. Hilo nililijua, kila mtu analijua, ndilo jopo hulisoma kwanza. Nikaandika la kwanza: alimshambulia muuguzi kwa kiti na kumvunja jino. La pili: alimshambulia muuguzi kwa kiti na kumvunja jino. La tatu, kiti, jino. Nilipofika la tano nikaacha kuandika.

Nikatazama tarehe. Mashambulio yote tisa yalitokea mwezi uleule kila mwaka, wiki mbili kabla ya jopo kukaa. Nikasema kwa sauti, peke yangu mle ndani, "Mtu gani huyu anayepiga watu kwa kalenda?"

Na meno je? Kama kila shambulio lilikula jino, basi wodi yetu ilipaswa kuwa na wauguzi tisa wenye mapengo, tukicheka pamoja tunatisha wageni. Mimi nimekaa pale miaka sita. Namjua mwenye pengo mmoja tu, naye alistaafu. Ndiye tuliyekuwa tukimwita Bwana Pengo, na hakuwahi kukasirika.

Nikashusha mafaili ya karatasi, yale ya zamani yenye vumbi la kukohoza. Nilipekua ripoti za zamu za miaka kumi, siku kwa siku, mpaka vidole vikawa vyeusi. Shambulio lipo. Lipo moja. Siku ya nne tangu Fundi aletwe, kabla dawa hazijaanza kushika. Mwaka ule muuguzi akaandika kwenye muhtasari, "Alimshambulia muuguzi kwa kiti na kumvunja jino," akaweka tiki kwenye kisanduku cha ukatili. Hakuandika tarehe. Mwaka uliofuata mwingine akanakili. Na mwingine. Tulipohamia kwenye kompyuta, karani akaingiza kila muhtasari kama ulivyo, na kompyuta ikiona tiki inahesabu tukio jipya, la siku hiyohiyo ya saini. Hakuna aliyedanganya. Ila kila mtu alimwamini aliyemtangulia, na yule wa kwanza alisahau tarehe.

Safu ya tatu, ya aliyeona, ilikuwa na jina moja juu na chini yake weupe mtupu. Nikashuka kwenye saini. La saba, saini yangu. La nane, yangu. La tisa, yangu, tena kwa mbwembwe, ule mkia mrefu ninaouvuta nikiwa na haraka.

Nilikaa chini sakafuni. Sisemi uongo, nililia kwa hasira, na sijui nilimkasirikia nani zaidi, kompyuta, au karani, au yule dada mwenye mkia mrefu.

Nyumbani mama mkwe wangu aliniona mlangoni akajua. Alikuwa mkunga maisha yake yote, humdanganyi kwa uso. Mume wangu hufanya kazi mbali, hivyo mezani tulikuwa wawili tu. Sikumtajia mgonjwa wala wodi. Nilisema, "Mama, ukikuta kosa kwenye kitabu cha kazi, na mwandiko ni wako, unafanyaje?"

"Kosa limemuumiza mtu?"

"Limemuumiza. Na Alhamisi litamuumiza kabisa."

Akaendelea kukunja kanga yake, pole pole, ncha kwa ncha. "Mimi niliandika saa na dakika ya kila mtoto niliyemdaka," akasema. "Siku moja nilikosea, nikaandika pacha wa pili ndiye wa kwanza. Nilirudi nyumba ile kwa miguu, na mvua inanyesha."

"Walikufanyaje?"

"Walinicheka. Wewe hawatakucheka, watakufokea. Basi foka nawe kidogo, si unajua? Hapa nyumbani kila siku unajua." Kisha akanisukumia kikombe cha chai. "Kunywa, mke wa mwanangu. Hiyo shule ya kukalia mashuka ulienda kutafuta nini kama si hili?"

Jumapili nikampigia Bwana Pengo. Bado akitamka s hupiga mluzi. Nikamuuliza Fundi alimpiga mara ngapi.

"Mara ngapi? Sista, nina meno mangapi ya kuvunjwa? Mara moja! Tena wiki ya kwanza, maskini, hakujua yuko wapi. Nilipokwenda kustaafu alinitengenezea redio. Ninayo hapa inaimba, ngoja nikusikilizishe."

"Utaniandikia barua?"

"Nitaandika leo. Na kuja nitakuja, kama nauli ya miguu haijapanda."

Jumatatu asubuhi nikamwekea Daktari wa wodi jedwali langu mezani. Daktari ni mtu mzuri, mwangalifu, wa kunawa mikono mara mbili. Alilisoma mara ya kwanza haraka, mara ya pili akifuata kwa kidole. Akavua miwani.

"Sista, unajua chini ya saini zako kuna saini ya nani?"

"Yako, Daktari. Miaka mitano."

Alisimama akafunga mlango. Akasema tunaweza kulimaliza taratibu. Mwaka huu nisiweke tiki, niandike ametulia, yeye aseme mdomoni kwamba ameridhika na maendeleo. Kelele za nini? Akanikumbusha kwamba kuna baraza la wauguzi, kuna leseni, na mimi niko katikati ya masomo ambayo hospitali ndiyo iliyoniruhusu. Hakusema kwa vitisho. Alisema kama mtu anayekuonyesha shimo njiani.

"Nikiacha tiki," nikamwambia, "jopo litaona tisa halafu sifuri. Watasema ametulia mwaka mmoja tu, tungoje. Na kungoja kwa Fundi ni Jengo la Nyuma. Mara tisa hizo lazima ziondoke, na haziondoki mpaka mtu aseme zilikujaje."

"Na mtu huyo ni wewe?"

"Tatu ni zangu. Nitaanzia hapo."

Sauti haikutetemeka, na hilo najisifia mpaka leo. Daktari akanisogezea jedwali langu. "Sitakuzuia," akasema mwishowe. "Ila usitegemee nitaongea." Nikatoka. Jumanne niliingia darasani, nikawasilisha kazi yangu bila jina la mtu wala mahali, askari magereza akakosa utani kwa mara ya kwanza. Mhadhiri akauliza swali moja tu: "Mwenyewe anajua?"

Sikuwa nimemwambia. Ningemwambiaje, kisha jopo likatae?

Alhamisi jopo lilikaa kwenye ukumbi wa mikutano, meza ndefu, viti vya plastiki. Watu watatu, na mwenyekiti wao jaji mstaafu, mama mfupi aliyetandaza kalamu zake kama anayepanga vyombo. Fundi alikaa na dada yake upande mmoja, shati kapigwa pasi, mikono juu ya magoti. Mimi na Daktari upande wa pili. Bwana Pengo alikuwa nje kwenye benchi, kaja kweli.

Mama Jaji alianzia pale wanapoanzia wote. "Mashambulio tisa dhidi ya watumishi," akasoma. "Hospitali inasemaje?"

Daktari hakufungua mdomo. Nikasimama.

"Hospitali inasema ni moja, mheshimiwa. Manane yaliyobaki tuliyafanya sisi."

Nikagawa jedwali. Nikaeleza sentensi isiyo na tarehe, kisanduku, tiki, kompyuta. Nikasoma barua ya Bwana Pengo, nikasema mwenyewe yuko nje kama wanataka kulitazama pengo. Mjumbe mmoja akaficha tabasamu. Mama Jaji hakuficha wala hakutabasamu.

"La saba, la nane na la tisa," akasema. "Saini ya nani?"

"Yangu."

"Ulimwona mgonjwa huyu akimpiga mtu?"

"Sijawahi kumwona hata akimpandishia mtu sauti."

"Na ulisaini."

"Nilisaini. Nilinakili nisichokiona, nikakiita taarifa. Mara tatu."

Kiti kilisogea kando yangu. Daktari alikuwa amesimama. "Saini za chini ni zangu," akasema. "Tano." Akakaa. Ningeweza kumkumbatia pale pale.

Nilidhani tumemaliza. Lakini Mama Jaji alikuwa mtu wa kusoma mpaka ukurasa wa mwisho. Alirudi nyuma kwenye muhtasari, akafunua, akafunua tena, kalamu ikafuata mstari.

"Kuna kitu kingine kimeandikwa karibu kila mwaka," akasema. "'Mgonjwa anakana makosa yake. Hajatambua ugonjwa wake.' Kwa hili tulimkatalia kuliko hata hayo meno. Sista, alikuwa anakana nini?"

Jedwali langu halikuwa na safu ya hilo. Nilifungua mdomo, na ndipo nikasikia jibu kabla sijalisema. Kila mwaka, wiki mbili kabla ya jopo, unamketisha mgonjwa umuulize maswali. Nilimuuliza mimi mwenyewe, kwenye kile chumba chenye dirisha dogo. Nilimuuliza, unakubali uliwashambulia wauguzi mara saba? Mwaka uliofuata, mara nane? Naye hakuwahi kupiga kelele wala kulia. Alisema neno lilelile, mimi nikainama nikaandika anakana.

"Alikuwa anasema ni mara moja," nikajibu.

Dada yake Fundi alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wote. Miaka yote hiyo mtu alituambia ukweli, nasi ukweli wake tuliuandika kama dalili ya ugonjwa. Mimi mwenye uzamili nusu. Sikuwahi kujisikia mdogo kiasi kile, na bado nilibaki nimesimama, kwa sababu ningekaa ningekuwa nimemwacha peke yake tena.

Mama Jaji akamgeukia. "Una la kusema?"

Fundi alisimama, akanyoosha shati. "Nilimpiga," akasema. "Mara moja. Na duka la jirani nililichoma mimi, nilikuwa mgonjwa. Dawa nameza, nikiacha najua nitaugua. Nimemaliza."

Walitutoa nje dakika ishirini. Bwana Pengo alimpokea Fundi kwa mikono miwili wakaanza kuongea redio, kana kwamba wamekutana dukani. Tulipoitwa tena Mama Jaji alisoma uamuzi bila kupamba: aondoke, akaishi kwa dada yake, sindano ya kila mwezi kliniki, ofisa ustawi wa jamii amtembelee. Kisha akasoma kipande cha pili, kwamba hospitali ipitie upya mafaili ya wagonjwa wote arobaini na wawili, kwa safu tatu kama zile za muuguzi huyu, na muuguzi huyu apewe barua ya onyo. Nilipokea vyote viwili. Onyo nimelistahili, na kazi ya mafaili hakuna anayeiweza kama mimi.

Karatasi za kumtoa zilichukua mpaka saa kumi. Darasa lilinipita. Nilimsindikiza mpaka getini mwenyewe, begi moja, mfuko wa dawa, dada yake akitangulia kwa haraka kama anaogopa tutabadili mawazo. Pale getini nikamshika mkono wa shati.

"Fundi, nimekukosea. Nilikuuliza, ukaniambia, sikukusikia. Nisamehe."

Alinitazama. Hakuwa na haraka, mtu aliyekaa miaka kumi hana haraka ya dakika mbili.

"Umenikosea mara ngapi, Sista?"

"Mara tatu. Miaka mitatu."

Akafikiri kidogo, akahamisha begi mkono wa pili.

"Basi andika tatu," akasema. "Usiongeze."